Aliyefunga Hali Mpaka Afungue

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Kiwanja!

Kiwanjani kuna nini?

— Mpira!

Na mpira ni wa nani?

— Una mwenyewe!

Na mwenyewe ana nini?

— Ana tumbo!

Haya. Tumbo mmelitaja wenyewe, msije mkasema ni mimi. Na wewe wa mwisho huko, uliyeitikia kwa miayo, sogea karibu. Hadithi hii haitaki miayo. Kicheko kimo, lakini kiko mbali, na njia ya kukifikia ina miiba.

Zamani wanyama walicheza kandanda. Mnashangaa nini? Mnadhani Swala alijifunzia wapi kuruka vile? Palikuwa na mbuga, na mbuga ilikuwa na mto mmoja. Masika yakiwepo, kila mtu alikula popote. Kiangazi kikiingia, majani yalibaki ukingoni mwa mto peke yake, na ukingo huo wakubwa walikuwa wameshagawana zamani. Hapa pa Nyati, pale pa Tembo, kule kwa Kifaru. Na pale mto unapojikunja, penye majani manono kuliko yote, palikuwa pa Kiboko.

Kila mkubwa alikuwa na timu. Ukiichezea timu yake, unakula majani yake. Usipocheza, huna majani. Kwa hiyo wadogo walijifunza mpira kabla hawajaacha ziwa la mama.

Sheria ilikuwa hivi. Kiangazi kikianza, wakubwa wanakaa kiwanjani, makinda wanapitishwa mbele yao. Kimbia! Wanakimbia. Ruka! Wanaruka. Piga mpira! Du! Kisha wakubwa wanachagua mmoja mmoja kwa zamu. Timu iliyoshika mkia msimu uliopita ndiyo inayoanza kuchagua, eti nayo ipate nguvu. Na ukishachaguliwa, umechaguliwa. Ama ufunge mkataba na huyo huyo, ama ukae nje kiangazi kizima ule vumbi. Huwezi kusema, mimi namtaka Nyati. Nani kakuuliza?

Mkataba haukuandikwa, maana nani alijua kuandika? Mkataba ulifungwa, kweli kweli, kwa kamba. Kila mkubwa alikuwa na kamba yake ndefu ya mkonge. Kinda anashika upande huu, mwenye timu upande ule, wanavuta, ndu! Fundo. Fundo lako likiwa kwenye kamba ya mtu, wewe ni wa mtu huyo mpaka alifungue mwenyewe. Na shahidi alikuwa Kasuku. Kasuku hakujua maana ya neno hata moja, lakini neno likimwingia sikioni lilitoka mdomoni kama lilivyoingia, bila kupungua wala kuongezeka. Na mkubwa atakayevunja neno alilommezesha Kasuku, mafundo yake yote yanafunguliwa, na wenzake wanawachukua wachezaji wake. Sheria hiyo wakubwa waliitunga wenyewe, kwa sababu hawakuaminiana.

Sasa Kiboko. Tindi! Tindi! Tindi! Huo mwendo wake. Mwafu! Mwafu! Mwafu! Huo ulaji wake. Alikula asubuhi, akala mchana, akala jioni, na katikati alionja. Timu yake ilishika mkia kila msimu, na kila msimu akawa wa kwanza kuchagua, akachukua kinda bora kuliko wote. Nyati alikuwa akisaga meno.

"Huyu anashindwa kwa faida," alisema Nyati.

Katika vichaka vya mbali na mto aliishi Mama Digidigi na wanawe wawili. Digidigi mnamjua: kipaa kidogo, miguu kama vijiti, macho makubwa ya mtu aliyeitwa jina lake ghafla. Mkubwa aliitwa Wepesi. Mdogo aliitwa Chenga, kwa sababu hakuwahi kupita njia iliyonyooka tangu azaliwe. Ukidhani yuko kulia, yuko kushoto. Tu-tu-tu-tu, kapotea.

Wepesi alichaguliwa na Kiboko. Alikuwa kinda wa kwanza kuitwa, na siku ile Mama Digidigi alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mwanangu kaitwa wa kwanza! Mwanangu atakula majani ya kwenye kona ya mto! Akaondoka Wepesi, akaingia kwenye boma la miiba la Kiboko, lango likafungwa.

Hakurudi masika. Wachezaji wa Nyati walirudi kwao kusalimia. Wa Tembo walirudi. Wa Kiboko hawakurudi. Mama Digidigi alikaa akiangalia njia mpaka Chenga akaona uchungu kumtazama.

Basi siku ya mechi Chenga alifunga safari, akaenda kumwona kaka yake akicheza. Alimkuta. Ee Mola! Alimtambua kwa mbio tu. Mbavu zilikuwa zinahesabika kutoka upande wa pili wa kiwanja. Kulikuwa na Swala mmoja kijana, winga, jina lake Tuli, mbavu nazo vile vile. Tuli alipokea mpira, akaukokota pembeni, miguu ikimgongana, akaumwaga katikati. Wepesi akaruka. Du! Bao! Mashabiki waaaa! Tuli hakushangilia. Alikaa chini palepale alipokuwa, na mwamuzi alimpulizia filimbi mara nyingi kabla hajainuka. Kipindi cha pili timu nzima ilikuwa inatembea, wakafungwa mabao mpaka watu wakaacha kuangalia.

Mechi ilipokwisha, Chenga akapenya mpaka kwenye ua wa miiba.

"Kaka."

"Mdogo wangu. Umekuja na chochote?"

Chenga alikuwa na tawi la majani ya mkwaju. Akalipenyeza. Wepesi alitafuna polepole, jani moja, jani moja, na mengine akayabana chini ya kwato.

"Hayo ya nani?" aliuliza Chenga.

"Ya Tuli."

"Kaka, leo si umefunga? Nimekuona kwa macho yangu. Hujala?"

Wepesi alitaka kucheka, akakosa nguvu. "Siku ya kufunga mkataba Mzee alituambia, kwangu mimi asiyefunga hali. Nikasema ni haki. Mechi ya kwanza sikufunga. Akasema, hukufunga, huli. Nikasema ni haki. Mechi ya pili nikafunga. Nikaenda mbio kwenye majani, nikamkuta amelala njiani. Akaniuliza, umefunga? Nikasema, nimefunga, Mzee. Akasema, tangu lini mtu aliyefunga akala? Aliyefunga hali mpaka afungue. Nikamuuliza, nafungua lini? Akasema, wa kukufungulia ni mimi."

Chenga alikuwa hajawahi kusikia neno moja likimkaba mtu koo kwa pande zote mbili.

"Sasa mnakula nini?"

"Yanayodondoka mdomoni mwake." Wepesi akaangalia nyuma, kisha akashusha sauti. "Tuli hatacheza tena. Ukiulizwa sema ni majeruhi. Ndivyo tunavyoambiwa tuseme. Chenga, kiangazi kijacho chechemea. Ukipita mbele ya wakubwa, chechemea. Usionekane."

Maneno hayo hayo mama yake alimwambia, kiangazi kilipokaribia.

"Chechemea, mwanangu. Mmoja ameshanitoka."

"Mama, kiangazi kingine kaka hakimalizi."

"Na wewe ukiingia humo nitabaki na nani?"

Chenga aliulaza uso wake kwenye shingo ya mama yake, wakakaa hivyo. Alikuwa anaogopa, na nawaambia wazi kwamba alikuwa anaogopa, kwa sababu mnapenda kusikia kwamba wajanja hawaogopi. Tofauti ni kwamba mjanja huogopa huku anafikiri. Na Chenga alikuwa analifikiria lile neno. Kufunga. Kufunga. Alilizungusha mdomoni kama kokwa la ukwaju.

Siku ya kuchagua ikafika. Makinda wakapita. Kimbia! Ruka! Piga! Chenga hakuchechemea. Alimpiga chenga kinda wa Ngiri, akampiga chenga kinda wa Tumbili, akamrudia wa Ngiri akampiga tena, tu-tu-tu-tu, huyoo, mpira nyavuni. Mashabiki wakasimama. Mama Digidigi, kwenye umati, alifumba macho.

Kiboko alikuwa ameshika mkia, kwa hiyo alianza yeye.

"Huyo mdogo wa vijiti. Nipeni."

"Si ndugu yake yule uliyenaye?" aliuliza Nyati.

"Ukoo mzuri," alisema Kiboko. "Hawali sana."

Wakubwa wakacheka. Akaitwa Kasuku, akatua kwenye mgongo wa Kiboko. Ikaletwa kamba ya mkonge, imejaa mafundo toka huku hadi kule. Pembeni ilikuwa imeandaliwa karamu ya usajili, kama ilivyokuwa desturi: majani mabichi marundo kwa marundo, maboga, mahindi machanga yaliyoibwa kwenye mashamba ya watu. Harufu yake ilifika mpaka kwenye boma, na wachezaji waliokuwa ndani wakasogea kwenye miiba kutazama. Wepesi alikuwemo. Alipomwona mdogo wake ameshika kamba, aligeuza uso.

"Shikamoo, Mzee," alisema Chenga.

"Marahaba. Vuta fundo, nina njaa."

"Mzee, mimi mtoto wa vichakani, Kiswahili changu cha kuokota. Nisije nikakosea nikakuaibisha mbele ya wenzio. Sheria ya chakula inasemaje?"

"Asiyefunga hali."

"Na aliyefunga?"

Hapo Kiboko akamtazama Nyati, Nyati akamtazama. Akisema aliyefunga anakula, Kasuku atameza, na itabidi alishe. Akisema aliyefunga hali, watu watasikia. Akapima. Akaona, wasikie tu! Kinda ameshachaguliwa, ataenda wapi?

"Aliyefunga hali mpaka afungue," alisema. "Hata mababu ndivyo walivyosema."

Wakubwa walilielewa neno, wakaangua kicheko. Tembo alicheka mpaka masikio yakapiga, pwa, pwa. Kwenye umati, akina mama hawakucheka. Mama mmoja Swala alikuwa amekaa mbele kabisa, karibu na lango la boma. Alikaa pale kila siku. Alikuwa anamsubiri mwanawe Tuli, naye alikuwa ameambiwa kwamba mtoto ni majeruhi.

"Kasuku amemeza, Mzee?" aliuliza Chenga.

"Kwaa! Asiyefunga hali. Aliyefunga hali mpaka afungue," alisema Kasuku.

"Lakini Mzee, usinikasirikie. Kuna kufunga huku, na kuna kufunga kule. Mimi nitajuaje?"

"Kufunga ni kufunga!" Kiboko alianza kuchoka, na maboga yalikuwa yanamwita. "Neno ni moja. Kasuku, meza!"

"Kwaa! Kufunga ni kufunga. Neno ni moja."

Chenga alibakiza neno moja la kuuliza. Akaliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye haya.

"Na sheria hii, Mzee, ni yetu sisi makinda peke yetu?"

Jamani, mnawajua wenye timu. Waulize jambo lolote lingine watakwepa. Lakini wape nafasi ya kuhutubia! Kiboko alijivuta, akatanua kifua, akatoa ile hotuba yake ya kila mwaka.

"Nisikilizeni! Katika timu yangu hakuna mkubwa wala mdogo! Sisi ni familia moja! Sheria ni moja, na inatuhusu sote, mimi nikiwa wa kwanza!"

Makofi yakapigwa.

"Maneno mazuri," alisema Chenga. "Ni haki Kasuku ayameze."

"Ameze! Ameze!"

"Kwaa! Katika timu yangu hakuna mkubwa wala mdogo. Sisi ni familia moja. Sheria ni moja, na inatuhusu sote, mimi nikiwa wa kwanza."

Wakashika kamba. Kiboko kwa meno, Chenga kwa meno. Vuta! Ndu!

"Umefunga, Mzee?"

"Nimefunga!" alinguruma Kiboko, ukingo mzima ukasikia. Akaigeukia karamu. Tindi! Tindi! Tindi! Akafungua kinywa, kinywa chote kile mnachokijua, rundo zima la majani lingeingia bila kugusa midomo.

Na katikati ya kinywa na majani akasimama Chenga.

"Samahani, Mzee. Umefunga. Aliyefunga hali."

Kiboko alibaki kinywa wazi.

"Nimefunga mkataba, mwehu wewe! Sikufunga chakula!"

"Kwaa!" alisema Kasuku mgongoni. "Kufunga ni kufunga. Neno ni moja."

"Hiyo ilikuwa ya wachezaji!"

"Kwaa! Sheria ni moja, na inatuhusu sote, mimi nikiwa wa kwanza."

Nyati alisimama polepole. Akajinyoosha.

"Kula, ndugu yangu," alisema. "Kula tu. Ukimeza jani moja umevunja neno lako, mafundo yanafunguliwa, na mimi nina haja na beki wako."

"Mimi na wale viungo," alisema Tembo.

"Mimi na hao vijiti wawili," alisema Kifaru.

Wakakaa, wakamtazama mdomo. Msidhani walisimama kwa ajili ya haki. Wale wale ndio waliocheka. Lakini jamani, kiu ikikushika, unachagua mtungi? Chenga aliijua tamaa yao, akaipanga mstari kama anavyopanga mabeki kabla hajawapita.

Kiboko akakifunga kinywa. Akili yake ilikuwa nzito lakini haikuwa imelala. Akaona: akila, anapoteza wote. Akifungua, anapoteza wote. Asipokula na asipofungua, nani atachoka mwanzo? Yeye ana mafuta ya miaka. Wale waliomo bomani wana nini?

"Nafunga," alisema. "Tuone nani atalia."

Akamsukuma Chenga ndani ya boma, akalala langoni.

Hapa sitaki kicheko. Chenga hakuwa amelifikiria hilo. Alidhani tajiri hawezi kukaa na njaa hata kidogo. Sasa akakuta mtego wake una meno pande mbili, na upande mmoja yumo kaka yake. Wepesi alikuwa amelala ubavu. Chenga akalala karibu naye, akamwekea mgongo wake mwembamba apate joto.

"Kwa nini hukuchechemea?" aliuliza Wepesi.

"Nisamehe, kaka."

"Mama anajua?"

"Anajua. Usilale. Niambie ulivyolifunga lile bao."

"Lipi?"

"Lolote. Niambie yote."

Wepesi akaanza kumsimulia, akikatika, akiendelea. Kila aliponyamaza muda mrefu, Chenga alimgusa na pua. Na wachezaji wengine wakasogea, kila mmoja akasimulia bao lake, mabao yote ambayo hayakuwapatia chakula.

Siku zikaenda. Nyati, Tembo na Kifaru walikaa nje wakikodoa macho. Kasuku hakushuka mgongoni. Na karamu ilikuwa palepale, maboga yakianza kutoa ile harufu tamu ya kuiva kupita kiasi. Kisha asubuhi moja kukasikika sauti. Ngrrrrr. Wachezaji wakadhani ni radi, wakaangalia mbinguni. Ngrrrrr. Lilikuwa tumbo la Kiboko.

Chenga akainua kichwa. "Kaka, sikia. Amekutana nayo."

Mnene alikuwa hajawahi kuijua njaa. Wale wembamba walikuwa wanaishi nayo nyumba moja, wanazijua tabia zake, wanajua inauma wapi na inapoa saa ngapi. Kiboko hakujua. Alidhani anakufa.

"Naonja tu," alinong'ona. "Kuonja si kula."

"Kwaa! Hali," alisema Kasuku.

"Ni boga, si jani!"

"Kwaa! Hali."

"Ngrrrrr," lilisema tumbo.

Kiboko akalia. Kweli, machozi makubwa ya kumwagikia matope. "Nafungua!" alipiga kelele. "Nafungua! Leteni kamba!"

Alilifungua fundo la Chenga kwa meno, akajifanya amemaliza, akaruka kwenye maboga.

"Kwaa!" alisema Kasuku. "Nimefunga. Nimefunga. Nimefunga." Akataja kila neno la kila fundo, kama alivyolimeza, msimu kwa msimu. Kila fundo kwenye kamba ile Kiboko alilifunga mwenyewe, akanguruma "nimefunga" mwenyewe.

Basi akafungua. Fundo la Ngiri: akatoka Ngiri, akayumba mpaka kwenye majani, akala. Fundo la Tumbili: akatoka Tumbili, akala. Fundo la Wepesi. Chenga alimwegemeza kaka yake begani, wakatoka pamoja langoni, hatua kwa hatua. Mama Digidigi aliwakuta njiani. Hakupiga vigelegele. Alitafuna majani mwenyewe, akamtilia Wepesi mdomoni yakiwa laini, kama alivyomlisha alipokuwa hajaota meno.

Nyati akaja na kamba yake. "Sasa wewe wa vijiti, twende tukafunge kwangu."

"Mzee," alisema Chenga, "fundo limefunguliwa na mwenyewe, wala neno halijavunjwa. Kwa hiyo hakuna wa kutuchukua. Safari hii tutachagua sisi."

Nyati akamtazama Kasuku. Kasuku hakuwa na la kupinga.

Likabaki fundo moja. Kiboko akalifungua haraka haraka, mate yakimtoka.

"Tuli!" aliita Kasuku.

Kimya.

"Tuli!"

Yule mama Swala aliyekuwa amekaa karibu na lango akasimama. Alitazama ndani ya boma, na boma lilikuwa tupu, lango wazi, na hakuna aliyekuwa anatoka. Akamtazama Wepesi. Wepesi akainamisha kichwa. Ndipo mama akajua alilokuwa analijua.

"Si majeruhi?" aliuliza.

"Nimelifungua!" alisema Kiboko. "Fundo si hilo limefunguka? Nile?"

Kasuku hakuwa na neno alilomeza kwa jambo kama lile. Nyati akatazama chini. Tembo akatazama mto. Ikabidi mama Tuli aseme yeye.

"Fundo umelifungua, lakini mwanangu hukumfungulia," alisema. Sauti yake haikupanda. "Kwa hiyo bado umefunga. Mwanangu alikuwa anacheza mchana, juani, watu wakimtazama, hajala. Na wewe mchana, juani, watu wakikutazama, usile. Giza likiingia, fungua. Sitaki ufe. Nataka ufunge."

"Mpaka lini?" aliuliza Kiboko.

"Mpaka Tuli aitike."

"Kwaa," alisema Kasuku, taratibu. "Mpaka Tuli aitike."

Tangu siku hiyo, nendeni mtoni mkaangalie. Kiboko anashinda majini mchana kutwa, pua tu nje, na majani mabichi yako palepale ukingoni mbele ya macho yake. Jua likizama ndipo anapanda, anakula gizani peke yake. Mara nyingine mchana anafungua kinywa chote, anakumbuka, anakifunga. Na Wepesi alinenepa, lakini mpira hakuugusa tena. Chenga aliugusa. Aliichezea timu ya Kifaru, na kila msimu kabla ya kushika kamba aliuliza maswali mpaka watu wakasinzia.

Sasa funzo. Mlidhani mtaondoka bila funzo?

Funzo la kwanza: ukiitwa na timu kubwa, vuta fundo upesi, wala usiulize maana ya neno. Maswali yanachelewesha karamu, na mmeona wenyewe yalivyoharibu karamu ya watu. Funzo la pili ndilo kubwa. Muigeni Kiboko. Katika wanyama wote hakuna mcha Mungu kama yeye. Sisi tunafunga mwezi mmoja tunalalamika. Yeye anafunga mwaka mzima, mchana kutwa, na akiwa majini hata hanung'uniki. Mkipita mtoni mpeni heshima yake.

Ila mkipita, kabla hamjamsalimia, simameni kidogo mkaite "Tuli!" Mara moja tu inatosha. Kisha sikilizeni.

Kamba yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aifunge, aliyeichukia aifungue!

— Na chakula je?

Chakula kipo jikoni. Nendeni mkale, wote, mliofunga na msiofunga.